Wiki Nane za Fildi: Nani Anamfundisha Mhandisi Mwanafunzi?

Kila mwaka Julai inapokaribia, masjala za halmashauri, mamlaka za maji, TANESCO, makandarasi na viwanda hupokea marundo ya barua za utambulisho kutoka vyuo vya uhandisi. Barua zinafanana: mwanafunzi fulani, mwaka wa pili au wa tatu, anaombewa nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Baada ya hapo maswali huanza. Mzazi anataka kujua mwanawe atalipwa kiasi gani. Ofisa utumishi anauliza nani atagharamia matibabu kijana akiumia. Mwanafunzi mwenyewe anauliza kama akijituma ataajiriwa. Na mwajiri anayesoma wasifu wa mhitimu miaka miwili baadaye anaikuta fildi ile imeandikwa chini ya "uzoefu wa kazi", naye anaruka aya hiyo.

Mkanganyiko huu hauletwi na uzembe wa mtu mmoja. Mipango ya kumpitisha kijana kazini ni mingi, inasimamiwa na vyombo tofauti, na kila mmoja una ahadi yake. Watu wanadai kutoka kwenye mpango mmoja kile kilichoahidiwa na mwingine.

Mipango minne inayochanganywa

Wa kwanza ni fildi yenyewe, ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) huiita PT. Shahada ya uhandisi pale huchukua miaka minne, na baada ya kila mmoja wa miaka mitatu ya mwanzo kuna wiki nane za vitendo. PT ya mwaka wa kwanza huelemea karakana: kupiga tupa, kuchomelea, kukereza. Zinazofuata hufanyika saiti na viwandani. Hii ni sehemu ya masomo. Ina alama, ina ripoti, na asiyeifanya hahitimu.

Wa pili ni uanagenzi, ambao wengi wanaujua kupitia mamlaka ya ufundi stadi, VETA. Mwanagenzi hugawa muda wake baina ya chuo na mwajiri, na lengo ni kumtoa akiwa fundi kamili. Wa tatu ni mafunzo kazini kwa waliokwisha kuhitimu, ambayo Serikali iliyawekea mwongozo wa kitaifa mwaka 2017. Wa nne unawahusu wahandisi peke yao: SEAP, mpango ulioanzishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) mwaka 2003. Humo mhitimu hukaa miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa kabla ya kuomba usajili kamili. Mwaka 2010 Serikali ya Norway ilianza kuwafadhili wahandisi wanawake wapite katika mpango huu, kwa sababu wengi wao walikuwa wakiishia njiani.

Mzazi anayetarajia mshahara, kichwani mwake ana mpango wa tatu au wa nne. Mwajiri anayelalamika kwamba kijana wa fildi hawezi kukaza boliti anamfikiria mwanagenzi. Lakini aliye mbele yake ni mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye ndiyo kwanza amemaliza mtihani wa nguvu za mata, na ambaye hana mkataba wowote wa ajira.

Kenya nako hali haitofautiani sana. Shahada ni ya miaka mitano, wanafunzi huenda atachimenti, Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) ina mkono wake humo, na Bodi ya Wahandisi iliyoundwa kwa Sheria ya Wahandisi ya 2011 inamsubiri mhitimu mlangoni. Maswali ya wazazi wa Eldoret ndiyo hayo hayo ya wazazi wa Mbeya.

Ilikotoka

Kitivo cha Uhandisi cha UDSM kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, nchi ambayo mhandisi hapikwi darasani tu bila kupita kiwandani. Mazingira ya Tanzania ya wakati ule yaliipokea desturi hiyo vizuri. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza mwaka 1968, kilikuwa Ubungo, mwendo mfupi kutoka Mlimani, kilipo chuo. Ubungo Farm Implements (UFI), waliofua majembe, walikuwa jirani. Mang'ula kulikuwa na karakana kubwa ya mitambo iliyotokana na ujenzi wa TAZARA, Moshi kulikuwa na Kilimanjaro Machine Tools iliyojengwa kwa msaada wa Bulgaria, na Arusha kulikuwa na General Tyre.

Zaidi ya ukaribu, kulikuwa na mantiki ya kiuchumi. Chuo kilikuwa cha Serikali, kiwanda kilikuwa cha Serikali kwa sehemu kubwa au yote, na mhitimu alipangiwa kazi na Serikali. Meneja aliyempokea mwanafunzi alikuwa anamfundisha mtu ambaye huenda angeletewa tena baada ya miaka miwili akiwa mhandisi wake. Gharama na faida zilikaa mfuko mmoja.

Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulivunja mfuko huo. Baadhi ya viwanda vilipata wenyewe wapya, vingine vilifungwa, vingine vikawa maghala. Mwenye kiwanda binafsi hana uhakika wowote kwamba kijana anayemwelekeza leo hatakwenda kwa mshindani wake kesho. Wakati huo huo vyuo vikaongezeka: Dar es Salaam Technical College ikawa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) mwaka 1997, Ardhi ikawa chuo kikuu 2007, taasisi ya Mbeya ikawa chuo kikuu (MUST) 2012, Chuo cha Ufundi Arusha kikaanza kutoa shahada, na vyuo binafsi vikaingia. Wanafunzi wakazidi, milango ikapungua, lakini kanuni ya wiki nane ikabaki ilivyokuwa.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 2014 magazeti ya kanda yaliandika sana juu ya utafiti wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki (IUCEA), ambao uliona asilimia 61 ya wahitimu wa Tanzania hawako tayari kwa kazi. Uganda ilikuwa 63, Kenya 51. Takwimu hizo zimenukuliwa hadi zimechoka, na zinapaswa kusomwa kwa tahadhari: zinabeba maoni ya waajiri, yaani watu wale wale ambao wengi wao hawana nafasi ya kumpokea mwanafunzi. Hata hivyo hakuna aliyejitokeza kudai kwamba mambo ni shwari.

Wiki nane zinavyokwenda

Kabla ya kupima hoja za pande zote, ni vizuri kutazama kinachotokea hasa. Mwanafunzi wa uhandisi ujenzi amepata saiti ya jengo la ghorofa. Wiki ya kwanza inaishia masjala: barua imegongwa mhuri, lakini mwenye kumpangia kazi yuko safarini. Kofia ngumu na buti za usalama mara nyingi anajinunulia. Wiki ya pili anazungushwa, anaonyeshwa stoo, anasomeshwa michoro. Wiki ya tatu ndiyo anapewa ruhusa ya kusimama kwenye zege.

Hapo panakuwa na elimu tamu. Lori la zege linapoingia, fundi wa maabara anaweka chini koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, anaijaza kwa matabaka matatu, kila tabaka analishindilia mara 25 kwa nondo, kisha anainyanyua koni wima, taratibu. Zege linashuka. Kiasi lilichoshuka ndicho kinachopimwa. Likishuka kupita lilivyokubaliwa, maji yamezidi na lori linaweza kurudishwa. Zege jingine linajazwa kwenye vibweta vya mchemraba vya milimita 150, linalazwa majini, na michemraba hiyo hupondwa kwa mashine, baadhi siku ya 7 na mingine siku ya 28, ili ijulikane kama nguvu iliyoandikwa kwenye mchoro imefikiwa.

Sasa hesabu kalenda. Zege likimwagwa siku ya 20 ya fildi, jibu la siku 28 linapatikana siku ya 48. Fildi nzima ni siku 56. Katikati, kwa nia njema kabisa, msimamizi anamhamishia kijana kitengo kingine ili "aone kila kitu". Logibuku inajaa maelezo ya koni, na ukurasa wa matokeo unabaki mtupu. Zaidi ya hapo, mwanafunzi hakuwepo siku mchemraba ulipofeli, mhandisi mshauri na mkandarasi walipokaa kubishana: nguzo ivunjwe, itobolewe ili kipimwe kipande chake, au ipunguziwe mzigo? Mjadala ule wa nusu saa ndio uhandisi wenyewe. Koni anaweza kuiona hata chuoni.

Mwanafunzi wa mitambo ana tatizo la msimu. Viwanda vya sukari, kama cha Kilombero na TPC cha Moshi, husimama wakati wa masika, miwa inapokuwa haivuniki, na ndipo vinu, bomba na boila hufunguliwa, kusafishwa na kubadilishwa vipuri. Likizo ya vyuo inaangukia Julai hadi Septemba, mitambo ikiwa imewaka usiku na mchana. Kijana anafika wakati ambao kila anayemsogelea anamwambia asiguse kitu. Boila alilochora mara kumi darasani, analiona likiwa limefungwa, linaunguruma.

Wa umeme naye amezuiwa na usalama, na ni haki azuiwe. Kazi kwenye laini ya msongo mkubwa hufanywa kwa kibali, na kibali hutolewa kwa aliyefuzu. Anabeba ngazi, anaandika namba za transfoma, anarudi ofisini.

Logibuku husainiwa Ijumaa, mara nyingi na yeyote aliyepo, hata fomani ambaye hajui kijana amekuwa wapi tangu Jumatatu. Mwalimu kutoka chuoni hupita mara moja, ana wengine wengi wa kuwatembelea mkoa huo huo, anauliza maswali machache, anapekua kurasa, anaondoka.

Ila si wote wanaorudi mikono mitupu. Kuna wanaoangukia kwa mkandarasi mdogo wa daraja la chini, mwenye mhandisi mmoja na pikapu moja, na ndani ya wiki ya pili kijana anakuwa mkono wa kulia wa mhandisi huyo: anapima mahandaki, anahesabu nondo, anaandaa madai ya malipo, anashuhudia ugomvi na muuza kokoto. Mwenzake aliyejivunia barua ya kampuni kubwa ya kigeni yenye mradi wa mabilioni anamaliza miezi miwili akipanga mafaili. Ukubwa wa mwenyeji, kwa hiyo, hausemi mengi kuhusu ubora wa fildi.

Hoja ya kwanza: walipwe

Wenye hoja hii wanaanza na haki. Kijana anafanya kazi, anatumia nauli kila siku, anakula, anapanga chumba mji asioujua. Bodi ya Mikopo (HESLB) ina fungu la mafunzo kwa vitendo, na kiwango cha miaka ya karibuni ni Sh 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56. Jumla yake haizidi Sh 560,000, na kumbuka kwamba huo ni mkopo. Mwanafunzi anakopa ili aende akafanye kazi bila malipo, kisha akiajiriwa akatwe deni la muda alioufanyia kazi bure. Asiye na mkopo anamtegemea mjomba.

Nguvu ya hoja hii inaonekana zaidi katika swali la nani anafika wapi. Pasipo posho, nafasi nzuri ya Dar es Salaam, Mwanza au Geita inamwendea mwenye ndugu wa kumlaza. Mtoto wa mkulima wa Kasulu anachagua ofisi iliyo karibu na nyumbani, hata kama haina mhandisi.

Ufaransa ililitatua jambo hili kwa sheria. Sheria ya Julai 2014 inamtaka mwenyeji amlipe mwanafunzi kiwango cha chini kilichowekwa endapo muda wake unazidi miezi miwili, na lazima kuwe na makubaliano ya pande tatu: chuo, mwenyeji na mwanafunzi. Nigeria ilichukua njia nyingine. Mpango wake wa SIWES, ulioanzishwa mwaka 1973 chini ya Mfuko wa Mafunzo ya Viwandani (ITF), unawapeleka wanafunzi wa uhandisi viwandani kwa miezi sita, na posho ni jukumu la Serikali. Posho yenyewe ilikaa naira 2,500 kwa mwezi kwa miaka mingi huku bei zikipanda, na kilio cha kucheleweshewa hakijawahi kuisha.

Udhaifu wa hoja ni huu: anayelipa hutaka kazi. Kampuni ikilazimishwa kutoa mshahara, itamweka kijana pale anapozalisha haraka, yaani kwenye kazi moja ya kurudiarudia, au itaacha kabisa kupokea wanafunzi. Kizingiti cha Ufaransa cha miezi miwili kikipandikizwa hapa, fildi zote zitakuwa za wiki nane kasoro siku.

Hoja ya pili: mwajiri anabeba mzigo tayari

Waajiri hawazungumzi sana hadharani juu ya hili, ila ukiwasikiliza wana mahesabu yao. Mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ambayo Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya malipo yote ya wafanyakazi. Anasema ameshalipia mafunzo. Kwa nini alipe tena kwa muda wa mhandisi wake? Saa moja ya mhandisi wa saiti ina bei, na mkataba wa ujenzi una tarehe ya kumaliza na faini ya kuchelewa.

Halafu kuna usalama. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamwajibisha mwenye eneo la kazi kwa aliyemo ndani yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliundwa kwa ajili ya mwajiriwa, mtu mwenye mkataba na anayechangiwa. Mwanafunzi mwenye barua ya utambulisho tu anabaki kwenye kivuli, na mwanasheria wa kampuni analijua hilo vizuri kuliko mkuu wa idara chuoni. Kila anapoambiwa asiguse, mwanafunzi hudhani ni dharau. Mara nyingi ni woga wa kesi.

Hoja hii ina ukweli, lakini ina pengo. Mwajiri anayelalamika juu ya wahitimu wasioiva ndiye huyo huyo anayetaka mtu mwingine awaivishe. Kila kampuni ikisubiri jirani yake afundishe, wote watavuna kile walicholalamikia mwaka 2014. Na SDL, hata ikiwa nzito, sehemu yake huenda VETA kwa mafundi. Haimnunulii mwanafunzi wa shahada hata nusu saa ya mhandisi.

Hoja ya tatu: kiwanda kije chuoni

Baadhi ya wahadhiri wamekata tamaa na milango ya nje. Wanapendekeza chuo kijenge kiwanda chake cha kufundishia, chenye wateja na bidhaa za kweli. Mradi wa EASTRIP uliofadhiliwa na Benki ya Dunia umesukuma mambo upande huo: DIT imepewa kituo cha teknolojia ya ngozi Mwanza, na Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha nishati jadidifu Kikuletwa, wilayani Hai, mahali palipokuwa na mtambo wa zamani wa umeme wa maji.

Faida yake ni kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kuharibu. Anaweza kufungua pampu, kuifunga vibaya, kuifungua tena, na hakuna zamu inayosimama. Kalenda nayo ni ya chuo. Gharama ndiyo kubwa, na vipuri vikiisha wafadhili wakishaondoka, mashine hugeuka maonyesho ya wageni rasmi.

Lakini kuna kitu ambacho hakiwezi kujengwa chuoni kwa bajeti yoyote: shinikizo la mteja, bei inayopanda katikati ya mkataba, diwani anayeuliza kwa nini bomba halijafika kijijini kwake, mchoro unaopingana na udongo uliokutwa ardhini. Kiwanda cha chuo kinafaa sana kwa PT ya kwanza, na kinastahili fedha zaidi kwa kazi hiyo. Kikipewa kazi ya miaka yote mitatu, mhitimu atakuwa fundi mzuri wa maabara.

Hoja ya nne: muda urefushwe

Hii ndiyo hoja kongwe kuliko zote. Mwaka 1906, Herman Schneider wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, aliwapeleka wanafunzi 27 wa uhandisi viwandani kwa utaratibu wa ajabu kidogo. Aliwapanga wawili wawili. Mmoja akiwa kiwandani, mwenzake yuko darasani. Wiki inayofuata wanabadilishana. Kiwanda hakikuwahi kukuta nafasi ikiwa tupu, kwa hiyo kiliweza kuitegemea nafasi hiyo na kuilipia. Nusu karne baadaye, mwaka 1957, Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Canada kilianzishwa kikiwa kimejengwa juu ya wazo hilo. Mwanafunzi wa uhandisi wa Waterloo hupishanisha vipindi vya miezi minne vya darasa na vya kazi, na hadi anahitimu anaweza kuwa amefanya vipindi sita, takribani miaka miwili, akiwa analipwa na mwajiri.

Muda mrefu unabadilisha mambo mawili. Mwezi wa kwanza kila mwanafunzi ni mzigo. Kuanzia wa tatu huanza kurudisha alichokula. Mwenyeji wa wiki nane hula hasara na kumuaga kijana siku anapoanza kufaa. La pili ni msimu: vipindi vikisambazwa mwaka mzima, kuna kundi litakalokuwa Kilombero wakati wa kufungua vinu, na kundi litakaloona nguvu ya zege siku ya 28 na kesi iliyofuata.

Wapinzani wana lao, na si dogo. Waterloo imezungukwa na uchumi wenye maelfu ya kampuni za uhandisi. Tanzania haina soko hilo. Ukirefusha fildi mara mbili bila kuongeza wenyeji, kwa hesabu ya kawaida, nusu ya wanafunzi watakosa pa kwenda. Kuhitimu kunaweza kusogea mbele, na familia inayosubiri mtoto aanze kusaidia wadogo zake haitafurahi. Miezi sita ya Nigeria imeonyesha pia kwamba urefu peke yake hautoshi: mwanafunzi asiye na wa kumfundisha atakaa bure miezi sita badala ya miwili.

Mizani

Hoja zote nne zinagusa pesa, muda au mahali. Inayokosekana ni ya mtu. Ukipanga fildi zilizofanikiwa na zilizoshindwa kwa mistari miwili, tofauti kubwa haitakuwa posho wala ukubwa wa kampuni. Itakuwa kama kuna mhandisi mmoja, mwenye jina, ambaye kumfundisha kijana huyu ilikuwa sehemu ya kazi yake na si fadhila anayoitoa akipata nafasi. Mkandarasi mdogo mwenye pikapu moja humpa mwanafunzi mtu huyo kwa ajali tu: hana mwingine wa kumwachia.

Leo mhandisi huyo hana anachopata. Halipwi kwa kazi hiyo, hapandishwi cheo kwayo, na bosi wake akimwona amesimama na wanafunzi watatu nusu saa anamuuliza ratiba imefikia wapi. Mabadiliko yanapaswa kuanza kwake. ERB inao utaratibu wa mafunzo endelevu kwa wahandisi. Kumsimamia mwanafunzi kwa ukamilifu kungeweza kuhesabiwa humo. Ufaransa, mwaka 2015, iliweka ukomo wa wanafunzi watatu kwa msimamizi mmoja kwa wakati mmoja. Ukomo wa namna hiyo ungepunguza nafasi mwanzoni, na hilo lisifichwe. Lakini nafasi zinazopotea ni zile za kupanga mafaili.

Kuhusu muda, PT ya pili na ya tatu ziunganishwe ziwe kipindi kimoja cha wiki 16, na madarasa yagawanywe ili nusu iwe nje wakati nusu nyingine iko ndani, kwa mtindo wa Schneider. Jumla ya wiki haibadiliki, nafasi zinatumika mwaka mzima badala ya kugombewa Julai, na mwaka wa kuhitimu hausogei. Wahadhiri watalazimika kufundisha somo moja mara mbili kwa mwaka. Hiyo ndiyo gharama halisi ya pendekezo hili, na vyuo vyenye uhaba wa walimu vitaisikia.

Kuhusu malipo, mwenyeji asidaiwe mshahara. Adaiwe nauli, chakula cha mchana, vifaa vya usalama na bima ya ajali. Mwenye kutimiza hayo apunguziwe SDL kwa kiasi alichotumia, ili tozo anayoilalamikia imrudie kwa mlango wa mafunzo. Hazina itapoteza mapato kidogo. Ila fedha hizo zilitozwa kwa ajili ya ujuzi.

Miradi mikubwa ya umma iwekwe kundi la peke yake. Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, reli ya kisasa, daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025: kazi za aina hii huja mara chache katika kizazi kimoja. Idadi ya wanafunzi, majina ya vyeo vya wasimamizi wao na gharama zao vinapaswa kuwa mstari unaojitegemea katika jedwali la gharama za zabuni, unaolipwa kama zege na nondo zinavyolipwa. Vikiandikwa kwenye dibaji ya mkataba kama nia njema tu, mkandarasi wa kigeni atavisoma, atatabasamu, na ataendelea na ratiba yake.

Mengine yanahitaji bajeti, mengine Bunge. Moja halihitaji chochote kati ya hivyo, na vyuo vinaweza kulianza kabla ya Julai ijayo: barua ya utambulisho isihesabiwe kuwa imejibiwa mpaka irudi na jina, namba ya usajili ya ERB na saini ya mhandisi aliyekubali kumsimamia mwanafunzi huyo. Ofisi isiyoweza kumtaja mhandisi huyo isipelekewe mwanafunzi.